Nani aliagiza mchoro wa Leonardo wa Mt. Anna na Bikira Maria? Mimi kama mchoraji kuna kitu hakiniingii akilini

#1 Fundi Rangi
Habari wakuu.

Kazi yangu ni kuchora, kuta za makanisa na vibao vya maduka, nipo huku Kanda ya Ziwa. Juzi natafuta mfano wa Mt. Anna kwa ajili ya parokia moja nikakutana na mchoro wa Leonardo da Vinci, ule uliopo National Gallery, London. Bikira Maria kakaa kwenye mapaja ya mama yake Mt. Anna, yeye kampakata Mtoto Yesu, na Yohane Mbatizaji akiwa bado mdogo yupo pembeni anabarikiwa. Hauna rangi. Ni mkaa na chaki nyeupe tu, karatasi 8 zimegundishwa zikawa moja, urefu sm 141 na ushee, upana sm 104. Wenyewe wanaita katuni.

Sasa katuni ya namna hii ni mchoro wa kazi. Sisi hata leo tunafanya: unachora kwenye karatasi saizi ileile ya ukutani, unatoboa mistari yote kwa sindano, tundu moja moja kama mshono wa cherehani, halafu unafunga vumbi la mkaa kwenye kitambaa chepesi (mimi natumia soksi kuukuu ya mwanangu), unabandika karatasi ukutani unagongagonga. Ukiibandua unakuta nukta nyeusi, unaziunganisha. Wataliano wa enzi za Leonardo walifanya hivyohivyo. Huu mchoro hauna tundu hata moja! Wala hakuna mkwaruzo wa ile njia nyingine ya kupitisha ncha ngumu juu ya mistari. Na mkono wa Mt. Anna ule unaoonyesha juu mbinguni haujaisha, ni mstari mtupu, utafikiri mtu kaitwa nje akaacha chaki mezani.

Mimi sijawahi kugundisha karatasi 8 bila kuwa na mtu aliyeniagiza. Kwahiyo swali langu, nani aliagiza, na kwanini kazi iliishia hapo? Maana nimesoma sehemu tatu nimepata majibu matatu.

#2 Kichuguu
Nimeona "katuni" nikaingia mbio nikijua za gazetini. Haya naweka kambi, nasubiri wajuzi.

#3 Mzee wa Kabati la Vitabu
@Kichuguu neno ni lilelile mjukuu wangu. Kwa Kitaliano cartone ni karatasi kubwa nzito, ndo ilikuwa jina la hii michoro ya kazi. Hiyo maana ya kuchekesha imekuja baadaye sana, 1843 kule London, serikali ilifanya maonyesho ya katuni za picha za kupamba jengo jipya la Bunge, jarida la Punch likachora zake za kejeli nalo likaziita katuni. Basi jina likahamia huko moja kwa moja.

Kuhusu swali la Fundi Rangi, jibu la zamani kabisa ni la Giorgio Vasari aliyeandika maisha ya wachoraji, toleo la kwanza 1550. Anasema watawa wa Watumishi wa Maria, wale wa kanisa la Santissima Annunziata pale Florence, Italia, walikuwa wamempa Filippino Lippi kazi ya picha ya altare kuu. Leonardo akarudi kutoka Milan akasema angependa kazi kama ile, Filippino kwa heshima yake akampisha. Watawa wakamchukua Leonardo wakamweka nyumbani kwao, wakamlisha yeye na watu wake wote. Akawazungusha weee bila kuanza chochote. Mwishowe akatoa katuni ya Bikira Maria na Mt. Anna, na siku mbili nzima watu wakamiminika kuitazama, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, kama wanaenda sikukuu. Kwahiyo aliyeagiza ni watawa. Nadhani limeisha hilo.

#4 Binti Mrima
Halijaisha mzee wangu, samahani. Soma tena Vasari anavyoielezea hiyo katuni: anasema Yohane mdogo anacheza na mwanakondoo. Mchoro wa London una Yohane lakini hakuna mwanakondoo. Picha ya rangi iliyopo Louvre, Paris, ina mwanakondoo lakini hakuna Yohane. Vasari kazaliwa 1511, huo umati wa siku mbili hakuuona, kasimuliwa, na inaonekana kachanganya vitu viwili.

Shahidi aliyeona kwa macho yake yupo. Fra Pietro da Novellara, mtawa Mkarmeli, aliandika barua 3 Aprili 1501 kwa Isabella d'Este, mke wa mtawala wa Mantua, ambaye alikuwa anamsumbua Leonardo amchoree. Anasema Leonardo tangu afike Florence kafanya katuni moja tu: Mtoto Yesu wa kama mwaka mmoja anakaribia kuchoropoka mikononi mwa mama yake, kamshika mwanakondoo, mama anainuka kwenye mapaja ya Mt. Anna amtoe mtoto kwa kondoo, na Mt. Anna ni kama anataka kumzuia binti yake. Fra Pietro anafikiri labda Anna hapo ni Kanisa, halitaki Mateso ya Kristo yazuiwe. Yohane hamtaji kabisa.

Maana yake kulikuwa na katuni nyingine ambayo imepotea, na ya Fundi Rangi sio ile ya 1501.

#5 Mzee wa Kabati la Vitabu
Umenishika binti. Nakubali Vasari kachanganya. Lakini watawa siwaachii, maana baba yake Leonardo, ser Piero, alikuwa mwandishi wa mikataba wa hao hao watawa. Kazi ya mtoto inapita kwa baba, tunaijua hii.

#6 Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nauliza kwa upande wa imani. Kanisa lenyewe linaitwa Annunziata, ni la Kupashwa Habari. Altare yake kuu ndo wamweke Mt. Anna? Mimi nimekaa kwenye kamati ya ujenzi miaka 11, hamna paroko anayefanya hivo bila sababu nzito. Na nilichosoma ni kwamba altare ile baadaye ilimrudia Filippino, akafa 1504 kazi haijaisha, ikamaliziwa na Perugino, na picha ni Kushushwa Msalabani upande mmoja na Bikira Maria Kupalizwa upande wa pili. Mt. Anna hayumo.

#7 Kichuguu
Huyo Anna yupo wapi kwenye Biblia? Mbona sijawahi kumsoma.

#8 Katekista Mstaafu
Hayumo. Anna wa Luka 2:36 ni nabii mjane, mwingine kabisa. Habari za Anna na Yoakimu wazazi wa Bikira Maria zinatoka kwenye maandiko ya kale yaliyo nje ya Biblia, Injili ya Yakobo wanaiita. Sikukuu yao 26 Julai. Hiyo tarehe ikumbuke, naona kama ina kazi huko mbele.

#9 Mpemba Ughaibuni
Assalaam alaykum. Na sisi tunamjua, mama yake Bibi Maryam. Katika Surat Aal Imran ni mke wa Imran, aliweka nadhiri kilichomo tumboni mwake kiwe cha Mungu, alipojifungua akaona ni mtoto wa kike. Jina Hanna limo katika mapokeo, katika Qur'ani lenyewe halikutajwa. Bibi yangu mzaa mama ndo alokuwa akitusimulia.

Mie nipo London mwaka wa 19 huu. Huo mchoro nimeuona, jumba lenyewe hawatozi kiingilio. Wameuweka penye mwanga hafifu kwa sababu mkaa na karatasi havitaki mwanga mkali, ukiingia unaona kiza, unasimama kidogo macho yazoee, kisha nyuso zinakuja mbele yako pole pole, moja baada ya moja. Mimi si mtu wa picha hizi. Lakini ule uso wa Bi Anna anavyomtazama mwanawe! Kichwa kwa kichwa wamelingana, hujui mama nani mwana nani. Nilikaa pale mpaka mlinzi akanizoea.

#10 Binti Mrima
@Mpemba Ughaibuni umeandika vizuri mno, shukran. Hilo la vichwa kulingana ndilo lililowachanganya wengi. Picha za zamani za mada hii, Florence waliita Anna Metterza, zilipanga ngazi: bibi juu mkubwa, mbele yake binti, mbele ya binti mtoto. Masaccio na Masolino walichora hivyo miaka ya 1420, ipo Uffizi, jumba la picha la huko Florence. Ya Leonardo imeyeyusha ngazi. Ukitazama haraka unaona mwili mmoja wenye vichwa viwili.

#11 Daktari Mkoani
Kuhusu vichwa viwili, Freud 1910 alisema Leonardo alichora mama wawili kwasababu yeye mwenyewe alikuwa nao wawili, Caterina aliyemzaa nje ya ndoa na mke wa baba yake aliyemlea. Kwahiyo hakuna aliyeagiza, kajichorea maisha yake. Mimi hii ndo inaniingia akilini.

#12 Binti Mrima
Dokta, Freud huyohuyo alijenga hoja yake juu ya kumbukumbu ya Leonardo ya ndege aliyemjia akiwa kwenye susu. Tafsiri aliyoitumia ilisema ni tai mla mizoga, na Freud akaenda hadi kwa miungu ya Misri na tai wao. Leonardo kaandika nibbio, yaani mwewe. Nyumba nzima imesimama juu ya ndege ambaye siye. Na Mt. Anna kuwa na binti yake na mjukuu ilikuwa mada ya kawaida kabla Leonardo hajazaliwa.

#13 Daktari Mkoani
Ndege nimekubali si yeye. Mama wawili lakini alikuwa nao kweli, hilo halifutiki.

#14 Wakili Mtarajiwa
Nyie mnaongea imani na saikolojia, mimi nataka mkataba uko wapi. Leonardo mikataba yake ipo mingine. 25 Aprili 1483 Milan, yeye na ndugu wawili wa de Predis waliingia mkataba na chama cha kidini cha Mimba Takatifu kwenye kanisa la San Francesco Grande. Bei lire 800, kazi iishe 8 Desemba mwaka huohuo maana ndo sikukuu yao. Wachoraji wakadai hela haitoshi, chama kikadai kazi haijaisha, kesi ikaenda mpaka 1508! Miaka 25. Hiyo ndo ile picha ya Bikira Maria kwenye mapango. Kwahiyo mfano wa mteja kugombana na fundi upo kwa mtu huyuhuyu. Kama kungekuwa na mkataba wa Mt. Anna tungeuona.

#15 Fundi Rangi
@Wakili Mtarajiwa mkuu, sisi mafundi kazi nyingi hazina karatasi. Ngoja niwape yangu.

Miaka kama sita iliyopita kanisa moja, silitaji, waliniita nichore Familia Takatifu nyuma ya altare. Mwenyekiti wa kamati alinipa kianzio mkononi, hakuna risiti. Nikachora karatasi nzima sebuleni kwangu, mke wangu na watoto wanaruka juu ya magazeti wasikanyage. Wiki niliyotaka kuanza kutoboa, kamati ikavunjwa. Mwenyekiti mpya akasema yeye anataka Mfufuka, na sura ya Mt. Yosefu niliyochora ni kama ya yule mwenyekiti wa zamani (sikukusudia, nilichukua mfano kwa shemeji yangu). Kazi ikafia hapo. Karatasi ninayo mpaka leo imekunjwa chini ya kitanda, haina tundu hata moja. Mtu akiikuta baada ya miaka 500 atauliza aliyeagiza nani, na hatapata jibu kwenye karatasi yoyote.

Ndo maana nikiona mchoro haujatobolewa, mimi akili yangu inaenda kwa mteja kwanza kabla ya mchoraji.

#16 MamaTwins
Pole Fundi. Mimi ni mshonaji, nguo ya harusi ambayo bibi harusi kaghairi naijua uchungu wake. Unaikata, unaipiga bandi, halafu simu haipokelewi.

#17 Kisiwani Kwetu
Wakuu mbona hamtaji mfalme wa Ufaransa? Louis XII. Tazameni tarehe. Wafaransa wameiteka Milan Septemba 1499, mfalme mwenyewe kaingia Oktoba. Leonardo kaondoka mjini Desemba. Katikati hapo alikuwa ndani ya mji na mfalme yumo. Mke wa mfalme anaitwa nani? Anna, Anna wa Bretagne. Kabla ya hapo alikuwa ameolewa na mfalme Charles VIII, watoto wote aliozaa naye wakafa wadogo. Januari 1499 anaolewa na Louis, Oktoba 1499 anajifungua binti, Claude. Mt. Anna ndiye kimbilio la wanawake wanaosubiri mtoto. Mfalme anataka nini kingine? Na karne ya 17 padre mmoja mkusanyaji wa michoro, Sebastiano Resta, aliandika kwamba ni Louis aliyeagiza katuni ya Mt. Anna. Halafu hata Vasari anasema katuni ilienda Ufaransa.

#18 MamaTwins
Hii imenigusa. Mama kapoteza watoto wote, halafu anapata. Mume lazima atafute kitu cha kushukuru.

#19 Wakili Mtarajiwa
Resta kaandika karibu miaka 200 baadaye. Hiyo mahakamani ni "nilisikia kwa aliyesikia".

#20 Binti Mrima
@Kisiwani Kwetu hoja yako ni nzuri na wengi wakubwa wameishika. Shida yangu ni hii. Picha ya rangi ya Mt. Anna, 10 Oktoba 1517 bado ilikuwa kwa Leonardo mwenyewe. Kardinali wa Aragon alimtembelea karibu na Amboise, Ufaransa, mwandishi wake Antonio de Beatis akaandika walionyeshwa picha tatu, moja ni Bikira Maria na Mtoto kwenye mapaja ya Mt. Anna. Kama mfalme aliagiza 1499, miaka 18 baadaye fundi anafanya nini nayo? Louis kafa Januari 1515 hajaipata. Na Januari 1507 Louis anahangaika kumwomba kwa serikali ya Florence amwachie Leonardo amfanyie kazi, balozi wa Florence anaandika mfalme anataka picha ndogo ndogo za Bikira Maria. Mtu mwenye deni la picha kubwa angeanza kwa kudai ile kubwa.

#21 Fundi Rangi
Dada hapo kwa mteja mkubwa usishangae. Mkubwa ukimchelewesha, unakuwa unaongeza rangi kidogo kila mwaka unamwambia bado haijakauka. Na Fra Pietro wako wa #4, kwenye barua nyingine ya mwezi huohuo, anasema Leonardo hesabu zimemteka hadi brashi haivumilii, na kwamba yupo kwenye picha ndogo ya Robertet, katibu wa mfalme wa Ufaransa. Wafaransa walishaanza kumshika.

#22 Katekista Mstaafu
Sasa turudi 26 Julai niliyosema #8. Siku hiyo mwaka 1343 watu wa Florence walimfukuza dikteta wao, yule aliyekuwa na cheo cha Mtawala wa Athens. Tangu hapo Mt. Anna akawa mlinzi wa jamhuri yao, sikukuu yake ni sikukuu ya uhuru. Mwaka 1494 wanawafukuza Wamedici, familia iliyokuwa imeushika mji, jamhuri inarudi, wanajenga ukumbi mkubwa wa Baraza, na ukumbi unahitaji altare. Kazi ya picha hiyo ilipewa Filippino 1498 (ndio, Filippino yuleyule), kafa 1504 hajaifanya. Mwaka 1510 ikapewa Fra Bartolomeo, naye akachora nani? Mt. Anna na Bikira Maria na Mtoto, na Yohane mdogo, na watakatifu wa mji wamewazunguka. Yohane Mbatizaji ndiye msimamizi wa Florence. Katikati ya 1504 na 1510 kazi ilikuwa haina mwenyewe!

Kuna wataalamu wanaoleta hoja kwamba mchoro wa London ni wa nafasi hiyo. Mimi nasema Anna na Yohane pamoja, Florence, miaka hiyo, hiyo ni bendera ya mji.

#23 Mzee wa Kabati la Vitabu
Katekista umenifurahisha mno. Na Leonardo miaka hiyo alikuwa na kazi ukumbini humohumo, vita vya Anghiari ukutani, Michelangelo upande wake na vita vya Cascina. Hakuna aliyemaliza.

#24 Kisiwani Kwetu
Lakini kama ni ya Florence mbona nyayo zote za mchoro ni za Milan? Bernardino Luini wa huko Milan kauiga mtu kwa mtu, kaongeza Mt. Yosefu tu, ipo Ambrosiana, jumba la huko huko Milan. Mchoro wenyewe baadaye ulikuwa kwa familia ya Arconati, Milan, ukaenda Venice kwa Sagredo, 1763 Mwingereza Robert Udny akaununua hapo, 1779 umo kwenye orodha ya Royal Academy, chuo cha sanaa cha London. Florence haimo njiani.

#25 Katekista Mstaafu
Alihama nao. Mwaka 1508 karudi Milan kwa Wafaransa. Mchoraji akihama anabeba karatasi zake, ukuta ndo haubebeki.

#26 Wakili Mtarajiwa
Kwahiyo tarehe ya mchoro ni ipi hasa? Maana watawa, mfalme na jamhuri wote wanasimama au kuanguka kwa tarehe.

#27 Binti Mrima
Ndo ugomvi wenyewe. Kuna kambi ya 1499 hadi 1500, hiyo inampendelea mfalme. Kuna kambi ya 1506 hadi 1508, inaipendelea jamhuri na inamfaa Luini. Royal Academy walipoazima mchoro kwa maonyesho yao ya mwishoni mwa 2024, waliuweka kwenye 1506 hadi 1508. Kambi ya kwanza haijafa.

Jambo moja limeniongezea utamu. 2005 huko Heidelberg, Ujerumani, mtu wa maktaba alikuta pembeni ya kitabu cha barua za Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, maandishi ya Agostino Vespucci, karani wa serikali ya Florence, ya Oktoba 1503. Anasema Leonardo anachora kichwa cha Lisa del Giocondo na Anna mama wa Bikira. Wote wanakumbuka Mona Lisa tu. Huyu ni karani wa serikali, anaandika kuhusu Anna, na anangoja kuona Leonardo atafanya nini kwenye ukumbi mkubwa wa Baraza. Hasemi aliyeagiza Anna ni nani, lakini anajua kazi ipo.

#28 Kichuguu
Nilikuja kwa katuni nimekaa saa mbili. Mimi naona aliyelipa kweli hajatajwa. Nimesoma kwamba 1962 Royal Academy walitaka kuuza, bei pauni 800,000, wakachangisha wananchi. Ndani ya kama miezi minne zaidi ya watu robo milioni walienda kuutazama, serikali ikatoa pauni 350,000 kwenye hiyo bei. Sasa hao si ndo wenye mchoro? Kila mtu na shilingi yake.

#29 Mpemba Ughaibuni
Ahsante Kichuguu, hilo ni kweli. Bibi mmoja nlokuwa nikifanya kazi za usafi kwake alichangia, alikuwa binti mdogo shuleni. Akiutaja alisema "mchoro wetu". Na 1987 mwezi wa Julai alilia, kwani bwana mmoja aliingia na bunduki kaificha kotini, jioni wanakaribia kufunga, akaupiga risasi. Kioo ndo kilichopokea, lakini vipande vyake vikaichana karatasi pale kifuani mwa Bikira Maria. Mafundi walikaa zaidi ya mwaka wanaviunganisha vijipande.

#30 MamaTwins
Jamani. Karatasi ya miaka 500.

#31 Fundi Rangi
Nimesoma zote, nawashukuru. Mimi bado nipo kwa Katekista kwa asilimia kubwa, ila MamaTwins kanitikisa na yule malkia.

Kuna kitu kingine naongeza kwa jicho la fundi. British Museum wana kikaratasi kidogo cha wino, ndo Leonardo anatafuta mkao wa hawa watu. Amechora juu ya aliyochora, juu ya aliyochora, mpaka katikati pamekuwa giza tupu, hata yeye alikuwa haoni tena, akapitisha ncha ngumu juu ya mistari aliyoichagua ili itokee upande wa nyuma. Pembeni ya karatasi hiyohiyo kuna magurudumu na mambo yake ya maji. Mtu mwenye oda iliyokamilika, mteja kashasema nataka huyu akae hapa na huyu pale, hahangaiki hivyo. Kwahiyo nadhani aliyeagiza alisema tu "nataka Mt. Anna" akamwachia mengine. Na mtu wa hivyo akishaona kitu kizuri kwenye karatasi anaweza kuridhika nacho kama kilivyo. Vasari pamoja na makosa yake anatuambia umati ulienda kuona karatasi, picha ya rangi haikuwepo.

#32 Daktari Mkoani
Kwahiyo unasema haikutobolewa kwasababu haikuhitajika tena?

#33 Fundi Rangi
Nasema unapotoboa unauharibu. Wakati wa Isabella yule wa Binti Mrima, Leonardo alimchora kwa upande, hiyo ipo Louvre, imetobolewa tundu kila mahali, na picha ya rangi hakuwahi kuipata. Ningekuwa mimi ndo nimechora ule uso wa Anna, ningesita kuuchoma sindano. Ningechukua karatasi nyingine niweke chini, nitoboe zote mbili kwa pamoja, ya juu iumie ya chini ifanye kazi. Au ningeinakili kwanza. Lakini hata kunakili hakukufanyika kwa ule mkono, maana haujaisha.

#34 Wakili Mtarajiwa
Na tuna uhakika gani kwamba hauna tundu? Mmesoma au mmeona?

#35 Fundi Rangi
Nimesoma, mkuu. Wote walioupima wanaandika hivo.

#36 Mpemba Ughaibuni
Ijumaa jumba linachelewa kufungwa, hadi saa 3 usiku, na mimi natoka kazini saa 11. Nitapita nisimame penye ule mkono wa Bi Anna. Fundi, niambie tundu za sindano zinaonekanaje kwa jicho tupu, na nianzie kuangalia wapi.

#37 Fundi Rangi
Anzia kwenye mstari wa shavu, sio penye kivuli. Kama zipo utaona nukta zimefuatana sawasawa kama chungu kwenye njia, nafasi yake kama punje ya mtama. Kisha shuka kwenye vidole vya Mtoto anapobariki. Chukua muda wako, macho yazoee kiza kama ulivyosema.